Italia ya 1066 kwenye gemu: hao Walombardi mnaowataka ni wepi kati ya watano?

Mzee wa Ramani (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kwenye ule uzi wa modi yetu (mabadiliko tunayotengeneza wenyewe mashabiki) ya Crusader Kings III, gemu ya kutawala falme za Zama za Kati, watu wanne wameandika "ongeza Walombardi Italia" wakaondoka, kama mtu aliyeagiza chipsi mayai akaenda kukaa mezani. Mimi ndiye niliyeko jikoni. Hii wiki ya tatu niko na faili la tamaduni, laptop inanguruma kama mashine ya kusaga, na nimekwama kwenye swali moja: Mlombardi yupi?

Maana wako watano, na hawafanani.

Wa kwanza ni wenyewe wa asili, kabila la Kijerumani lililoingia Italia mwaka 568 na baadaye kuifanya Pavia mji mkuu wao. Charlemagne, mfalme wa Wafaranki, akauangusha ufalme wao mwaka 774. Kufikia 1066 lugha yao ilishakufa zamani huko kaskazini, wajukuu wanaongea kama majirani zao. Kilichobaki ni sheria. Ukisoma hati za kuuziana ardhi za karne ya 11, mtu anataja kabisa anaishi kwa sheria ya nani: huyu ya Kilombardi, jirani yake ya Kirumi, wa tatu ya Kifaranki. Wanapakana mashamba, wanasali kanisa moja, na kwenye mirathi kila mmoja ana njia yake.

Wa pili wako kusini. Kipigo cha 774 hakikuwamaliza hao. Benevento ikaendelea kujitawala, ikagawanyika, ikazaa Salerno na Capua. Gemu inapoanza 1066, Capua iko mikononi mwa Wanormani, wapiganaji waliotoka Normandy, Ufaransa, tangu 1058, lakini Salerno bado ni ya Gisulf II. Atakayemng'oa ni Mnormani Robert Guiscard, shemeji yake mwenyewe, aliyemuoa dada yake Sikelgaita. Aliuzingira mji mwaka 1076. Shemeji! Yaani hii ndiyo gemu yenyewe, hata huhitaji kuandika tukio.

Wa tatu ni wa kwenye makaratasi ya Konstantinopoli. Wabizanti walipoirudisha Puglia waliifanya jimbo wakaliita Longobardia, makao yake Bari, kwa kuwa raia wake wengi walikuwa wa sheria ile ile ya Kilombardi. Kwa hiyo ukimwambia afisa wa Kigiriki wa wakati huo "Lombardia" anakuelekeza kwenye kisigino cha kiatu, siyo Milano.

Wa nne ni wa Lega Lombarda ya 1167, miji iliyoungana dhidi ya Kaisari Frederick Barbarossa na kumchapa Legnano tarehe 29 Mei 1176. Humo kuna Milano, Cremona, Bergamo, lakini pia Bologna, Padova, hata Venezia. "Lombardia" hapo ni kaskazini karibu yote.

Wa tano ndio walionichekesha. Wako Sicilia. Mke wa tatu wa Count Roger, Mnormani aliyekiteka kisiwa, Adelaide, alitoka ukoo wa Aleramici wa kaskazini-magharibi, na enzi za Wanormani watu wa kwao walihamia kisiwani kwa wingi, Piazza Armerina, Nicosia, San Fratello. Wenyeji wakawaita Walombardi. Hadi leo kwenye miji hiyo kuna lahaja za kaskazini katikati ya Sicilia.

Sasa nipakeni rangi moja hao wote, niwaone.

Chuma cha Pua

Mkuu umeshusha nondo, ila unazunguka mno. Italia ina mikoa 20. Chukua 20, paka rangi 20, tucheze. Kila mtu anajua Mpiemonte, Mtoscana, Mlombardi. Unatafuta ugumu wa bure.

Nahodha Mstaafu

Naweka kambi hapa. Ila namuunga mkono Chuma kidogo. EU4 (Europa Universalis IV, gemu nyingine ya watengenezaji wale wale) imewakata Waitalia vipande vingi, kuna Watoscana, Waveneto, Wanapoli, Wasicilia, na inacheza vizuri tu. Mimi huwa nachukua Kilwa, najenga merikebu, nikifika Mediterania nawakuta wamegawanyika hivyo hivyo. Kwa nini CK3 ishindwe?

Mzee wa Ramani

Nahodha, EU4 inaanza Novemba 1444. Kati ya 1066 na 1444 kuna miaka karibu 400, na humo ndimo hayo majina yalimopikwa. Watoscana wa 1444 ni watu ambao Firenze imeshawameza wengi wao. Firenze ya 1066 haijameza hata Fiesole, mji wa mlima wa jirani kabisa, unaouona kwa macho ukiwa mjini. Fiesole ilivamiwa 1125.

Chuma, nakujibu kwa mkoa mmoja tu, Emilia-Romagna. Leo ni mkoa mmoja wenye kistari katikati. Hicho kistari ndiyo historia yenyewe. Upande wa Emilia, Parma, Reggio, Modena, ulikuwa wa Walombardi. Upande wa Ravenna ulibaki kwa Wabizanti hadi katikati ya karne ya 8, na kwa kuwa Wabizanti walijiita Warumi, nchi yao ikaitwa Romania, ndiyo Romagna ya leo. Mkoa wako mmoja unaunganisha watu waliotazamana kwa mikuki kizazi baada ya kizazi. Na Piemonte unayosema "kila mtu anajua", mwaka 1066 hakuna aliyekuwa akijiita hivyo. Ni kama uchukue mipaka ya mikoa ya Tanzania ya leo uipake kwenye pwani ya Sultani Hasan bin Sulaiman wa Kilwa. Utampata Mlindi na Mmtwara wakati yeye hajasikia habari zao.

Binti wa Tanga

Nimepita kimya kimya siku zote ila hapa nimeguswa, maana nasoma Bologna mwaka wa pili. Mzee yuko sahihi, na niongeze mawili.

La kwanza lugha. Kuna mstari wa wanaisimu kutoka La Spezia hadi Rimini. Kusini yake maneno yanamalizikia kwa irabu kama Kiitaliano cha darasani. Kaskazini yake wanayakata mikia. *Fuoco*, moto, wazee wa hapa wanasema kama "fug". Siku ya kwanza kumsikia bibi mwenye nyumba wangu akiongea na dada yake kwa simu nilidhani ni Kifaransa kibovu. Kwa hiyo kama unataka mpaka mmoja wa uhakika, huo hapo, na unapita mlimani, haufuati mkoa wowote.

La pili, njoo Piazza Maggiore, ukutani kwa Palazzo d'Accursio. Chini kabisa, usawa wa kiuno, kuna vipimo vimechongwa kwenye jiwe: futi ya Bologna, dhiraa ya Bologna na ile fito yao wanayoiita pertica. Mfanyabiashara akikuuzia kitambaa na ukahisi amekupunja, mnakwenda ukutani mnapima. Nimeweka mkono wangu pale, dhiraa yao inapita ya mkono wangu mbali sana. Ukienda mji mwingine dhiraa ni nyingine. Mimi hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwa hawa watu "kwetu" inaishia getini.

Chuma cha Pua

Dada nakubali, ila fito za ukutani naziweka vipi kwenye gemu? Tuwe serious.

Nahodha Mstaafu

Basi wekeni lahaja 14 za mshairi Dante. Mwenyewe Muitaliano, mwenyewe aliishi karibu na zama zile, alizihesabu mwanzoni mwa miaka ya 1300 akazigawa kwa mlima wa Apennini, huku na huku. Mtabishana na Dante?

Mzee wa Ramani

Dante huyo huyo akisha kuhesabu 14 anakwambia hata ndani ya Bologna watu wa Borgo San Felice na wa Strada Maggiore hawaongei sawa. Mitaa miwili ya mji mmoja! Ukimfuata utafika kwenye nyumba na nyumba. Halafu alikuwa na chuki zake, Wasardinia alisema wanaiga Kilatini kama nyani anavyoiga binadamu. Siwezi kumpa huyo kalamu ya rangi.

Na kuna tatizo la injini ya gemu, ambalo wanaoomba rangi nyingi hawalioni hadi wacheze. Kila kaunti ina utamaduni mmoja. Mtawala wa utamaduni tofauti anachukiwa na raia hadi wazoeane. Ukivunja Italia vipande 14, kila Duke mdogo anayechukua kaunti ya jirani anapata uasi kana kwamba amevamia Misri. Nimejaribu. Niliacha gemu ijiendeshe yenyewe usiku, asubuhi nakuta Toscana nzima inawaka, wakulima wa Arezzo wamemfunga Count wa Siena. Uhalisi wa uhasama upo, lakini sababu ni ya uongo. Hawakupigana kwa kuwa walikuwa makabila tofauti. Walipigana wakiwa wanaelewana kila tusi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: tamaduni chache, mila nyingi za mji. Rangi ya ramani inabaki saba hivi. Chini ya rangi, kaunti zenye miji mikubwa zinabeba mila yake, na hiyo mila ndiyo inayouma.

Mfano Pisa na Firenze. Hapo katikati ni kama kilomita 80. Wote Watoscana, lugha ile ile. Lakini wote wawili walianza mwaka tarehe 25 Machi, siku Malaika alipompasha Maria habari, ila Pisa walihesabu ile inayotangulia 1 Januari yetu na Firenze ile inayoifuata. Matokeo yake wamepishana mwaka mzima. Tarehe 1 Aprili 1200 kwetu, Firenze ni 1200, Pisa ni 1201. Mtu anatoka Pisa asubuhi na punda wake, akifika Firenze amerudi nyuma mwaka mmoja. Venezia nao mwaka wao unaanza 1 Machi. Na hali ya Pisa na Firenze ilidumu hadi karne ya 18! Sasa hii nimeiweka kama tukio: ukiwa na mkataba wa mkopo kati ya miji hiyo miwili, tarehe ya kulipa inaleta kesi.

Milano ina mila mbili. Ya kwanza ni ibada ya Mtakatifu Ambrosi, Kwaresima yao inaanza Jumapili badala ya Jumatano ya Majivu, kwa hiyo wenzao wameshapakwa majivu wao bado wanakula nyama hadi Jumamosi. Hadi leo iko hivyo. Ya pili ni carroccio, lile gari la kukokotwa na ng'ombe linalobeba bendera vitani, la tangu enzi za Askofu Mkuu Aribert miaka ya 1030. Askari wakiliona limesimama wanapigana, likitekwa ni aibu ya mji mzima. Nimelipa nguvu ya kuzuia jeshi lisikimbie, na nimeliwekea mwendo wa polepole, maana ng'ombe ni ng'ombe.

Na miji yenye mabaraza, kuanzia karne ya 12 na kuendelea, inapata podestà: gavana wa kukodi kutoka mji mwingine, kwa mwaka mmoja au miezi sita, kwa sababu hakuna familia ya mjini inayoamini jirani yake. Akimaliza muda anakaguliwa mahesabu ndipo aruhusiwe kuondoka. Hii Chuma ndiyo fito yako ya ukutani. Unaona inavyocheza?

Chuma cha Pua

Hiyo ya podestà nimeipenda. Tungeipata na kwenye chama chetu cha kukopeshana.

Ila kusini umekukwepa.

Mzee wa Ramani

Sijakwepa, huko kusini nimekuogopa.

Sicilia nimeijaribu mara sita. Wanormani walianza kuvuka 1061 kuwapokonya Waislamu kisiwa, Palermo ikaanguka Januari 1072, Noto ya mwisho ikasalimu amri 1091. Kwenye gemu, Mnormani akishamaliza tu, waziri wake anaanza kazi ya kueneza utamaduni, kaunti moja baada ya nyingine. Kufikia 1120 kisiwa kizima ni rangi ya Normandy. Roger II, mwana wa yule Count Roger, anatawazwa Krismasi ya 1130 katikati ya watu wanaokunywa pombe ya matofaa kama wako Normandy.

Halafu angalia halisi. Roger huyo huyo joho lake la kifalme lilishonwa Palermo, jekundu, simba wawili kila mmoja amemkanyaga ngamia, na pindoni maandishi ya Kiarabu ya dhahabu kwa mwandiko wa Kikufi yenye tarehe ya Hijria, 528. Liko Vienna sasa. Mfalme Mkristo amevaa Kiarabu.

Na kuna jiwe moja la kaburi ambalo ningepewa nafasi ningeliweka kwenye ukurasa wa kufungulia gemu. Padri aitwaye Grisandus alimzika mama yake Anna Palermo, na mwaka 1149 akamwekea jiwe la lugha tatu kwa hati nne. Juu ni Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Kushoto Kilatini, kulia Kigiriki, chini Kiarabu kwa herufi za Kiarabu. Na kila upande una kalenda yake. Sisi ambao bibi zetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tunaelewa haraka, hati ni nguo tu, lugha ndiyo mwili. Lakini niambie, kaunti ya huyo mama naipaka rangi gani?

Binti wa Tanga

Mzee, na ofisi zao usisahau. Orodha za wakulima wanaodaiwa kodi, kama zile za Catania za 1095, ziliitwa *jarida*, wingi *jaraid*. Neno letu hilo hilo! Sisi tumelipeleka kwenye magazeti. Ofisi ya fedha ya mfalme ilikuwa *diwan*, Walatini wakaiandika *duana*, na Waitaliano leo dogana ni forodha. Kwetu Mrima Diwani alikuwa mkuu wa mji, leo ni yule wa kata. Na mkubwa wa wanamaji wa Roger, George wa Antiokia, cheo chake kilitoka kwenye *amir*, ndipo Ulaya ikapata ammiraglio. Sisi tuna Amiri Jeshi. Nilicheka peke yangu maktaba.

Nahodha Mstaafu

Dada umetisha.

Kijiti Kikavu

Nimesoma uzi wote nikiwa kwenye daladala, nimepitiliza kituo. Naomba nipinge kidogo. Mnaipamba Sicilia. Joho, kaburi la lugha tatu, kila mtu rafiki. Hao Walombardi namba tano wa mleta uzi, wa Piazza na Butera, mwaka 1161 wakiongozwa na Roger Sclavo waliwavamia Waislamu wakawachinja, wakachukua ardhi. Baadaye Kaisari Frederick II, mfalme wa Sicilia, akawahamisha kwa nguvu Waislamu waliobaki wakaasi, akawapeleka Lucera, Puglia, kuanzia miaka ya 1220. Na mwaka 1300 Charles II wa Anjou akaivunja Lucera yenyewe, watu wakauzwa utumwani. Kwenye modi yako hayo yako wapi?

Mzee wa Ramani

Kijiti, umenikamata. Hayakuwepo. Nilikuwa nimeandika mila inayoitwa "Mahakama ya Lugha Tatu" inayozuia waziri kueneza utamaduni ilimradi mfalme anakaa Palermo, nikajipongeza nikalala. Umesema kweli, uelewano ule ulikuwa wa ofisini na ikuluni. Vijijini mambo yalikuwa mengine, na mhamiaji wa kaskazini alitaka shamba.

Nimerekebisha jana usiku. Sasa mila hiyo inalinda mahakama na kodi tu. Kaunti za ndani ya kisiwa zina hesabu ya wahamiaji inayopanda polepole, na mfalme akiyumba, kama Mfalme William I alivyoyumba 1161, inalipuka. Lucera ni uamuzi wa mtawala: ukiwahamisha unapata wapiga upinde waaminifu wasiojali Papa akikutenga na Kanisa, maana wao si kondoo wake. Frederick aliwatumia hivyo hasa. Na kisiwa kinapoteza mazao miaka mingi. Sijampa mchezaji chaguo zuri hapo, kwa makusudi.

Wagiriki wa Calabria na Salento nimewaacha kama utamaduni kamili, wanastahili, wako vijiji ambavyo hadi leo wanaongea Kigiriki chao. Na Sardinia ni rangi yake peke yake, hilo halina mjadala: falme nne za waamuzi, Cagliari, Arborea, Torres, Gallura, na utumwa wa hesabu za ajabu. Mtumwa aliweza kumilikiwa nusu, *lateratu*, au robo, *pedatu*. Robo ya mtu! Siku zake za kazi zinagawanywa kati ya monasteri na bwana fulani. Nimejaribu kuliandika hilo tukio mara mbili, mkono umekataa.

Chuma cha Pua

Sawa mkuu, nimeshindwa kwa heshima. Swali la mwisho, maana mimi ni mmoja wa wale wanne walioagiza chipsi. Nikifungua hilo faili nikatafuta neno "Mlombardi" nitamkuta wapi?

Mzee wa Ramani

Benevento na Salerno utamkuta kama utamaduni. Pavia na Milano utamkuta kama sheria ya mirathi, rangi haina. Piazza Armerina ni tukio. Wa Lega subiri 1167, wanatokea kama muungano na wanaondoka na vita ikiisha. Wa Bari nimembakiza kwenye jina la jimbo tu, na ukiliteka 1071 jina linafutika.

Binti wa Tanga

Mzee, ukiangalia faili uliloweka mchana, Bari umeiandikia mila ya carroccio. Ng'ombe wa Milano wamefikaje huko?

Mzee wa Ramani

Lo. Nimenakili mstari bila kuangalia. Nafungua laptop.